Hujaangalia

Kwa miaka ishirini na sita baba yangu aliniibia mafuta ya cherehani, na kila mara alisema ni matone mawili tu. Matone mawili gani yanayomaliza chupa? Mimi ni fundi wa nguo, chupa zangu nazijua. Lakini ukimwambia anakunja uso. "Mama, silaha haipakwi mafuta ya kupikia." Huyo mama ni mimi. Mkewe naye alimwita mama, kwa hiyo nyumbani kwetu akiita mara moja tuliitika wawili.

Silaha yenyewe ni bunduki ya marisau, mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu. Aliibeba akiwa mlinzi wa shamba la mbegu, akifukuza nguruwe pori usiku kucha, na alipostaafu wenye shamba wakamwachia, kibali kikaandikwa jina lake. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana aliisafisha chumbani, mlango umefungwa, maana watoto hatukuruhusiwa kuisogelea. Tulisikia tu kutoka sebuleni. Kwanza chuma kikikunjuka. Halafu ufito wenye kitambaa ukipita ndani ya mtutu, kwenda na kurudi. Halafu sauti yake, "Mama, kagua!" Mama alikuwa akisema kitu kwa sauti ya chini, na baba akicheka. Ndipo bunduki ilipofungwa na kurudi sandukuni. Alichosema mama sikuwahi kukijua. Nilidhani ni mambo ya wakubwa.

Mama alifariki miaka miwili iliyopita. Baba akaendelea kusafisha, ila hakuwa tena na wa kumkagulia, na sisi hatukulifikiria hilo. Tulikuwa na mengine ya kufikiria. Alianza kuweka viatu kwenye jiko. Alianza kumsalimia jirani mara tatu kwa asubuhi moja, kila mara kwa furaha ile ile, mpaka jirani akawa anapita njia ya nyuma.

Wiki tatu zilizopita nilikuwa nafagia chumba chake nikaikuta bunduki imesimama nyuma ya mlango.

"Baba, hii mbona iko nje?"

"Iko tupu hiyo."

"Una uhakika?"

"Unanifundisha kazi?" Akaichukua, akaikunjua mbele yangu ili kunionyesha ujinga wangu. Kwenye mtutu wa kulia kulikuwa na risasi, kitako chake cha shaba kinang'aa kama kifungo cha koti jipya. Tukaitazama wote wawili. Nikakaa sakafuni na ufagio wangu. Baba aliitoa risasi, akaigeuza kiganjani, kisha akaniuliza kwa upole nani ameiweka.

Siku hiyo hiyo nilibeba risasi zote zilizokuwemo nyumbani, nane, nikazipeleka kituo cha polisi. Nilijiona msaliti njia nzima. Afande wa silaha alikuwa anamjua baba, kwa sababu kila mwaka baba alipeleka bunduki kukaguliwa akiwa amevaa shati lililopigwa pasi.

"Na bunduki yenyewe iletwe, dada," akasema.

"Hataniachia mimi. Njoo wewe Alhamisi ijayo. Atakupa kwa mkono wake."

"Na asiponipa?"

"Atakupa."

"Asiponipa nitaichukua. Na sipendi kumnyang'anya mzee mbele ya mwanawe, nakwambia ukweli."

Hata mimi sikupenda. Mzee amelinda mali za watu tangu ujana wake, hajapoteza hata kofuli moja. Nilitaka atoe silaha yake kama anavyotoa mtu aliyemaliza kazi, si kuporwa kama mwizi. Hilo tu ndilo nililokuwa nalitaka duniani wiki ile.

Nikamwambia Alhamisi ni siku ya ukaguzi. Uongo wangu ulikuwa na ukweli ndani yake.

Kumbe nimejichokoza. Tangu hapo akaanza kusafisha kila siku, maana kila siku kwake ilikuwa Alhamisi. Alihamia sebuleni, kwenye meza yangu ya kukatia vitambaa, karibu na dirisha. Mikono ilikuwa haijasahau kitu. Alisahau jina la mtaa wetu, lakini mitutu aliichomoa kutoka kwenye kitako bila hata kuangalia, akapitisha kitambaa kikavu, kisha chenye mafuta, kisha kikavu tena, akafuta bawaba kwa mswaki wa zamani. Kisha aliita.

"Mama, kagua!"

"Safi!" nikamjibu kutoka kwenye cherehani.

Akasubiri. "Mama, kagua."

"Tupu, baba! Safi na tupu!"

"Hujaangalia."

Ikawa hivyo siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilijaribu kila neno. Nilisema inang'aa, nilisema hongera, nilisema afande ataona wivu. Nilimpigia simu dada yangu mkubwa kumuuliza mama alikuwa akisema nini, naye hajui, akabaki analia tu kwenye simu. Baba alinisikiliza maneno yote hayo kwa subira, akatikisa kichwa, akaanza kusafisha upya. Rangi nyeusi ya mitutu ilianza kuchujuka kwa kusuguliwa. Na isipokaguliwa haifungwi, na isipofungwa haitoki mkononi mwake. Jumatano hakula mpaka jioni. Nilimfokea. Nilimwambia mama hayupo, mama alishakufa, aache kuniita kama anamwita yeye. Akaniangalia kwa mshtuko wa mtu anayepewa habari ya msiba kwa mara ya kwanza. Sijajisamehe mpaka leo.

Alhamisi asubuhi afande alikuja peke yake. Askari wake wawili aliwaacha nje ya geti, nikawaona kupitia dirishani, nikamshukuru moyoni kwa kuwaacha huko. Baba alikuwa mezani, shati limepigwa pasi, mitutu mikononi.

"Shikamoo mzee. Nimekuja kwa ukaguzi."

"Marahaba. Ukaguzi wa nyumbani bado haujafanyika," baba akamjibu, "kwa hiyo wako hauwezi kuanza." Akageuka. "Mama, kagua!"

Afande akanitazama. Akatazama geti.

Niliinuka kwenye cherehani. Nitasema ukweli: wiki nzima sikusogea kwa sababu niliogopa. Tangu utoto nimeambiwa nisikae mbele ya mdomo wa bunduki, na ile risasi ya kulia nilikuwa bado naiona. Nilikuwa nimekagua kwa mdomo tu. Safari hii nilikwenda nikapiga magoti upande wa pili wa meza, nikaweka jicho kwenye mdomo wa mitutu.

Mtutu wa kushoto ulikuwa mwanga mtupu wa dirisha, duara juu ya duara, hakuna hata chembe ya vumbi. Nikahamia wa kulia. Mwishoni mwake kulikuwa na jicho. Baba alikuwa ameliweka lake pale makusudi, la kahawia, lina ukungu kidogo pembeni, linanisubiri.

"Unaona nini?" akauliza.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mama hakuwa na neno maalumu. Alikuwa akisema alichokiona.

"Namwona baba yangu," nikasema.

Hakucheka. Aliishusha mitutu taratibu, akageuka kutazama nyuma yake, dirishani, kisha mlangoni.

"Baba yako amekuja?"

Afande aliinamisha kichwa akawa anasoma karatasi zake.

"Mama mwenzako huwa ananiambia, 'Naona mzee hajanyoa,'" baba akasema, akijipapasa kidevu. "Lakini umeangalia. Umeangalia vizuri." Akaunganisha mitutu na kitako, akaifunga, akaifuta mara ya mwisho pale alipokuwa ameishika. Akasimama wima kuliko nilivyomwona mwaka mzima, akampa afande kwa mikono miwili. "Safi na tupu. Binti ameona."

"Asante, mzee. Kazi nzuri," afande akasema. Akaondoka nayo.

Nilimletea baba chai. Aliishika bila kunywa, akaangalia meza iliyobaki na kitambaa, mswaki na chupa yangu ya mafuta. Nilidhani anaitafuta bunduki. Lakini hakuiulizia, siku hiyo wala baadaye.

"Yule baba yako," akasema, "hakutaka hata chai?"

"Ameshaondoka, baba."

Akaweka kikombe chini, akanishika mkono.

"Pole, mama," akaniambia. "Pole sana."