Mbele ya Mtutu

Mtu akienda kununua bunduki, anayepaswa kuogopa ni mnyama. Siku ile mimi niliogopa kuliko nyati wote wa porini, na sababu ninayo. Kazi yangu ni kufuata nyayo. Natangulia mbele nimeinama, mikono mitupu, nasoma majani yaliyolazwa na kinyesi ambacho bado kina moto. Nyuma yangu anakuja shemeji na bunduki yake, na nyuma ya shemeji anakuja mgeni aliyelipia kuwinda. Mgeni akipiga ovyo, nyati akageuka na hasira zake, risasi ya shemeji ndiyo pekee inayoweza kunirudisha nyumbani. Kwa hiyo aliposema anabadilisha bunduki kabla msimu haujaanza, sikungoja kualikwa. Nilimwambia tutakwenda wote, apende asipende.

Shemeji huyu amemwoa dada yangu mkubwa. Porini wanamwita Komeo, kwa sababu ya bunduki yake ya zamani, ile ya kuvuta komeo la chuma kwa mkono wa kulia kila unapotaka kupiga tena. Wengine wakilivuta unasikia kwaa, halafu kwaa. Yeye ukisikia kwaa, mnyama yuko chini. Miaka yote hiyo sijawahi kugeuka nyuma kuangalia kama yupo.

Msimu uliopita ndipo mambo yalipoharibika. Nyati alitutokea kwenye kichaka cha upande wa kulia, na Komeo akachelewa. Alichelewa sana. Risasi ikapasua mti, na yule mnyama akanipita karibu hadi nikasikia harufu ya tope mgongoni mwake. "Bunduki imechoka," Komeo aliniambia, nami nikaamini. Mtu akishakuokoa mara nyingi, huulizi sana.

Asubuhi ya siku hiyo dada alinipigia simu.

"Kamsimamie shemeji yako achague kitu cha maana," alisema. "Naona akili zimeanza kumruka. Kila alfajiri yuko uani na mpini wa ufagio begani, anaufanyia vituko. Majirani wanachungulia."

"Anautisha ufagio usimkimbie," nikasema.

Hakucheka. "Mimi sina wengine, mdogo wangu. Ni nyinyi wawili tu. Mkienda, mrudi."

Nilimkuta Komeo kwenye kona ya gereji, amevaa koti lake la kutokea. Mimi kusoma alama ni ugonjwa, hata mjini siachi. Mkono wa kulia wa lile koti ulikuwa na chokaa kuanzia begani hadi kwenye kiwiko.

"Shemeji, umepaka nyumba rangi, au nyumba ndiyo imekupaka wewe?"

Alijitazama, akajifuta haraka, kisha kicheko kikamtoka kwa kuchelewa. Tulipoanza kutembea nilishika upande wake wa kulia. Akapunguza mwendo, akanizunguka kwa nyuma, akatokea ng'ambo ya pili. Nikaona ni mambo ya wakubwa, nikanyamaza.

Duka lilikuwa na mlango wa nondo, kengele ya kubonyeza, na ndani harufu ya mafuta ya bunduki iliyochanganyika na ya zulia la zamani. Bunduki zilikuwa zimepangwa ukutani, mnyororo umepita kwenye vifyatulio vyote. Mwenye duka alikuwa mama mmoja wa makamo, miwani inaning'inia shingoni, maneno hayamwishi. Komeo alipoingia alikipiga teke kigoda kilichokuwa pale kulia kwa mlango. Kigoda cha rangi nyekundu, si kitu cha kufichika.

"Pole, baba," yule mama akasema. "Kigoda hicho kina tabia mbaya."

Alitutolea kwanza bunduki ya komeo, mpya, nzuri, mtutu mpana. Mimi moyo wangu ukatua palepale. Hiyo ndiyo tunayoijua. Komeo hata hakuigusa.

"Nionyeshe ya wenzo," akasema.

Mama akashusha bunduki fupi, nene, yenye kikono cha chuma chini ya kifyatulio. Kikono hicho ndicho wenzo. Unakisukuma chini, ganda tupu linaruka nje. Unakirudisha juu, risasi nyingine inaingia. Risasi zenyewe zilikuwa nene kama kidole gumba, bapa kichwani, kwa sababu zinakaa zikifuatana kwenye bomba chini ya mtutu, na yenye ncha kali ingeweza kuigonga ya mbele yake matakoni ikalipuka.

"Nyati utamlaza?" nikauliza. Sauti yangu haikunipendeza, ilikuwa nyembamba.

"Kwa karibu, nyati na kaka yake," mama akasema. "Kwa mbali siyo sana. Lakini nyinyi si mnakutana nao vichakani?"

"Na ukisukuma wenzo nusu?" Nilikuwa nimeulizia habari hizo kwa watu. "Mtu akishikwa na hofu, akausukuma nusu, si inakwama?"

"Inakwama. Ndiyo maana usiusukume nusu."

Jibu hilo halikunisaidia chochote. Nikamvuta Komeo pembeni. "Shemeji, nisikilize. Umevuta komeo tangu ujana wako. Jina lako ni Komeo! Leo hii, msimu uko mlangoni, unataka kujifunza kitu kipya juu ya mgongo wangu?"

"Ni fupi, haikwami kwenye matawi. Ni nyepesi kubeba," akasema, lakini alikuwa anaongea na ile bunduki, siyo na mimi.

"Na uzuri wake mwingine," yule mama akadakia, "haina kulia wala kushoto. Komeo limewekwa kulia, mtu wa mashoto anapata tabu nalo. Wenzo uko katikati, bega lolote sawa."

"Hilo halituhusu," Komeo akasema upesi.

Upesi mno. Mtu ambaye jambo halimhusu hulipuuza tu.

Nyuma ya duka kulikuwa na uwanja wa kulenga shabaha, mrefu na mwembamba, umezungushiwa ukuta, na mwisho wake tuta kubwa la udongo. Mama akailaza bunduki juu ya meza. Komeo alikuwa anavaa vile vifuniko vya masikio, anahangaika na ukanda wake. Mama, akiwa amesimama kulia kwake, akachukua risasi moja na kuisukuma ndani ya tundu la ubavuni.

"Mlango wake mkali kidogo," akaniambia mimi, "lakini ukitia gumba hivi, inameza yenyewe."

Komeo akaichukua bunduki. Akatia risasi tatu kama tulivyoelewana, akasogea kwenye mstari.

Akaiweka kwenye bega la kushoto.

Nilidhani anafanya mzaha. Kisha akapiga, ukuta mzima ukatikisika, na kabla sijapumua alishasukuma wenzo chini na kuurudisha, mpaka mwisho, kwa mkono wa kushoto, kama mtu aliyezaliwa nao. Akapiga tena. Wenzo, tena. Mara ya tatu. Wenzo. Maganda yakalia kwenye saruji. Akashusha kitako hadi kiunoni, mtutu ukiangalia tuta, akabaki anaitazama shabaha. Alitabasamu.

"Huyo ni fundi!" mama akapiga kelele, akaenda kuileta ile karatasi ya shabaha kwa kupitia ujia wa pembeni, nyuma ya ukuta.

Mimi sikuona ufundi. Niliona mpini wa ufagio. Niliona chokaa kwenye mkono wa koti, na kigoda chekundu, na shemeji yangu akinizunguka barabarani ili nisiwe upande wake wa kulia. Niliona kichaka cha msimu uliopita. Kazi yangu ni kusoma alama, na hizi zilikuwa nyayo za tembo kwenye tope, nami nimezikanyaga siku nzima.

Nikamsogelea kwa kulia. Nilikwenda polepole, ninavyokwenda porini, ingawa kwa vile vifuniko asingenisikia hata ningekuja na ngoma. Nikasimama karibu kabisa na bega lake. Nikainua mkono, nikaupunga mbele ya sikio, kisha mbele zaidi, usawa wa shavu. Hakupepesa. Aliendelea kutabasamu na tuta lake la udongo.

Nikamgusa bega.

Akashtuka, akageuka mzimamzima, na mtutu ukageuka naye. Ukasimama tumboni kwangu. Kidole gumba kilikuwa juu ya nyundo ya bunduki, kinataka kuishusha, na kidole kingine kilikuwa kwenye kifyatulio, kama unavyofanya ukijua bunduki ni tupu. Hapo ndipo hesabu iliponijia. Yeye alitia tatu. Mama alitia moja.

Nikapiga kelele, hakusikia. Nikaupiga mtutu kwa kiganja hadi ukaelekea tena kwenye tuta, nikamkamata mkono.

"Una wazimu?" Alivua vifuniko vya masikio. "Haina kitu! Nimepiga tatu."

"Sukuma wenzo."

"Nakuambia haina…"

"Sukuma, shemeji!"

Akausukuma. Risasi nzima ikaruka, ikadunda kwenye saruji, ikabingirika taratibu mpaka kwenye kiatu changu. Ilikuwa nene, inang'aa, bapa kichwani. Tukaitazama wote wawili.

"Nani aliitia?" akauliza.

"Mama mwenye duka. Ulikuwa umesimama naye pale mezani."

Kisha, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akauliza, "Alisimama upande gani?"

"Wa kulia."

Akaiweka bunduki mezani kwa mikono miwili, akaketi kwenye benchi kama mzee.

"Jicho limekufa lini?" nikauliza.

"Lilianza kabla ya msimu uliopita. Daktari anasema ni presha ya jicho. Halirudi."

"Na ukaniacha nitangulie."

"Nilidhani nikijifunza bega la kushoto… Komeo liko kulia, huwezi kulifikia upesi ukilenga kwa kushoto. Hii haina upande. Nimejifunza kila siku. Si umeona nilivyopiga? Nilikuwa natafuta bunduki ambayo haitakuua."

Hasira zilinipanda mpaka masikio yakawaka moto. "Na nyati umemwambia? Umemtumia ujumbe kwamba mwaka huu aje kwa kushoto tu?"

Huyu ndiye mtu ambaye nilikuwa naweza kulala mbele ya bunduki yake, na sasa nilikuwa najisogeza mbali na bunduki yake tupu. Nilimchukia. Nilimwonea huruma pia, na huruma ndiyo iliyoniudhi zaidi.

"Kampuni wakijua, wananitoa," akasema. "Nitakuwa nani, mimi?"

Mama akarudi na karatasi, furaha imemjaa. Matundu matatu yalikuwa yamekaa karibukaribu, unayafunika kwa kikombe. "Mtu wa hivi namfungia bunduki yake leo leo," akasema. Kisha akaiona risasi iliyokuwa chini, akatutazama, na kwa mara ya kwanza akakosa la kusema.

Simu yangu ikalia. Alikuwa dada.

Sikupokea. Nilimnyooshea Komeo simu, na kwa bahati mbaya niliinyoosha kwa kulia. Mkono wake haukusogea. Macho yake yalikuwa kwenye ile bunduki. Nikaihamisha simu hadi kushoto, ndipo alipoiona, na alipoiona akajua kwamba ilikuwa imeshakaa pale kwa muda. Akafumba macho yote mawili. Kisha akapokea.

"Mmepata?" nilimsikia dada kutoka pale nilipokuwa.

Nilikaa roho juu, nikajua akisema ndiyo, nitabishana naye mbele ya mke wake, na kama akining'ang'ania nitatangulia tena, maana sikuwahi kumkatalia.

"Hatununui," akasema. "Mke wangu, jicho langu la kulia halioni. Siku nyingi sasa. Leo nimemwelekezea mdogo wako bunduki yenye risasi." Akasikiliza kwa muda mrefu. "Mzima. Yupo hapa. Ndiyo, mzima."

Alinirudishia simu. Akamwomba mama radhi, akamwambia bunduki ni nzuri, haina kosa lolote, airudishe tu ukutani. Mama aliiokota ile risasi, akaifuta kwa ncha ya kanga yake, wala hakuuliza.

Tulipotoka nje jua lilikuwa kali na barabara imejaa pikipiki. Kwa mazoea nikaanza kutangulia. Nilipofika ukingoni mwa barabara nikasikia kwamba nyuma yangu hakuna hatua. Nikageuka kuangalia kama yupo, jambo ambalo sikuwahi kulifanya maisha yangu yote na mtu huyu. Alikuwa amesimama mlangoni, ananingoja.

Nikarudi, nikashika upande wake wa kulia, na safari hii hakunizunguka.