Tundu la Bangili ya Bibi

Usiku wa kuamkia leo niliota nimo maabara ya fizikia, na anayefundisha ni lile tufe la chuma la majaribio. Limekaa kwenye kiti cha mwalimu, limevaa miwani. Hakuna aliyeshangaa, nami nikaona nisijitie kimbelembele.

"Mwanakheri," likaniita, "lete huo mkono."

Nikauficha mgongoni. Mkononi nina bangili ya shaba aliyonivisha marehemu bibi nikiwa mdogo. Mkono ukanenepa, bangili ikagoma kutoka. Mwalimu wa nidhamu ameshaapa kuwa leo asubuhi anaikata kwa msumeno. Nimelia mpaka basi.

"Bangili ikipashwa moto," tufe linauliza, "tundu lake linapungua au linaongezeka?"

"Linapungua, mwalimu. Shaba ikitanuka inajazana mpaka ndani."

Darasa zima linacheka, hata stuli.

"Nani kakudanganya? Washeni taa ya spiriti!"

Inawashwa. Miguu ya chuma ya meza inarefuka, tunapanda nayo hadi darini. Mabati yanafoka, "Sogeeni huko, nasi tunatanuka!" Bangili inakua na tundu lake: sahani, ungo, gurudumu la trekta. Mimi ni nyama tu, nimebaki nilivyo. Nachungulia tunduni. Mtu anaweza kupita wima bila kuinama.

Basi nikapita. Upande wa pili ni jikoni kwa bibi, Pangani, na bangili imenirudia mkononi, inabana vilevile. Bibi amekalia mbuzi, anakuna nazi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo? Huko shuleni hawapiki?"

"Bibi, wanataka kuikata bangili yako!"

"Wana wazimu? Kinachobana hakikatwi, mjukuu wangu, kinabembelezwa kwa moto."

Akanifuta machozi kwa mkono uliojaa nazi, akaushika wangu, akaupitisha juu ya mvuke wa sufuria ya wali. Bangili ikateleza ikatoka, kimya, kama haijawahi kugoma.

"Haya nenda, utachelewa kuhesabiwa namba shuleni."

"Bibi, nikae kidogo."

"Nenda, mwanangu."

Nikaamka nikilia. Bangili iko juu ya mto, nzima, haina hata mkwaruzo. Mkononi imebaki alama nyeupe tu.

Nikaigusa. Bado ina joto, na kwenye nakshi zake imenasa nazi iliyokunwa, mbichi kabisa. Hapa nyumbani hakuna aliyeikalia mbuzi ile, tuliyoirithi kutoka Pangani, tangu bibi atutoke.