Koki ya Koridoni

Ndala za mama mkwe zilitoka chumbani kwake zenyewe, moja mbele, nyingine nyuma, zikaja koridoni kunilaki. Nilikuwa ndiyo kwanza nimerudi sokoni, mfuko wa viazi bado uko mkononi, na maji yalishanifika kwenye vifundo vya miguu kabla akili haijakubali kwamba ni maji. Mwenyewe nilimkuta kitandani, miguu ameipandisha juu, taulo mabegani, nywele zinachuruzika, anaitazama sakafu yake kwa utulivu wa mtu anayengoja basi. Akaniambia mvua ya leo imeingia mpaka ndani. Nikamjibu ndiyo, Mama, imeingia. Nikaenda bafuni kwake nikafunga bomba, nikaliondoa dodoki lake la kujisugulia lililokuwa limeziba tundu la kutolea maji, kisha nikatafuta matambara.

Haikuwa mara ya kwanza wala ya pili. Na msinielewe vibaya, mama mkwe wangu alikuwa mtu safi, tena usafi wa kukera. Enzi zake akikaribishwa kwa mtu, kabla hajaketi alikuwa keshapitisha kidole dirishani kuona vumbi. Mimi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza wa ndoa niliumaliza nikifuta vitu ambavyo havikuwa vichafu. Ugonjwa wa kusahau ulipomwingia ulimmega taratibu: ulianza na majina ya ndugu, ukafuata moto jikoni, ukafuata njia ya kurudi nyumbani. Kuoga tu ndiko haukukugusa. Kila alfajiri alichukua taulo na sabuni yake, akajifungia bafuni, akatoka ananukia kama bibi harusi. Alichosahau ni kufunga bomba.

Na kuoga huko ndiko kulikomweka kwetu. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, anakaa mji mwingine, safari ya kutwa nzima. Siku tulipojadili nani akae na Mama, alitoa kauli yake akamaliza: Mama atakaa kwetu maadamu anajiogesha mwenyewe. Siku akishindwa, yeye atakuja kumchukua, maana mtoto wa kiume hawezi kumvua mama yake nguo, na mimi ni mkwe, heshima hairuhusu. Hakuna aliyembishia. Lakini tulijua kinachomngoja huko. Mama alishawahi kukaa kwa wifi, chumba cha nyuma cha ghorofani, mlango umefungwa kutwa asije akaanguka ngazi. Alirudi amebaki mifupa, hataki chakula, hataki kutazamwa. Mume wangu aliporudi naye siku ile alikaa uani akalia. Ndiyo maana kila wifi alipopiga simu, kabla hata ya salamu kuisha, mume wangu alikuwa keshasema: Mama hajambo, anaoga mwenyewe.

Fundi bomba tulimwita, mtu asije akadhani tulikuwa wabahili. Kijana wa watu alipiga magoti koridoni, anapima bomba, na Mama akatoka bafuni bila uzi mwilini. Wala hakushtuka. Akasimama mbele yake akamuuliza kama ameshakula. Fundi aliinamisha uso mpaka kidevu kikagusa kifua, akakusanya vifaa vyake kwa kupapasa, akaondoka bila kudai hata nauli. Mume wangu alimfunika mama yake kwa shati alilolivua papo hapo mwilini mwake. Jioni akaapa kwamba hakuna mtu baki atakayekanyaga tena humu ndani. Kazi ataifanya yeye.

Sasa, mume wangu ni kinyozi. Mkono wake mwepesi mno, watoto wachanga husinzia akiwanyoa. Lakini mpe spana, uone maajabu. Mtu huyohuyo anayejua kupitisha wembe nyuma ya sikio bila kuacha alama, akishika chuma anakuwa kama anapigana na mwizi.

Alianza na bomba la kubonyeza, yale ya maofisini yanayojifunga yenyewe. Wazo lilikuwa zuri, nilimsifu. Bomba likakataa kuingia. Akalizungushia utepe mweupe wa kuzuia kuvuja, akazungusha tena na tena mpaka likawa limefungwa bendeji, akalibana, akaongeza nguvu kidogo, na ile kidogo ikawa imezidi. Kipande cha zamani kilikatikia ndani ya ukuta. Maji yaliruka yakapiga dari. Akakimbia nje kufunga koki kubwa, nayo kutu ilikuwa imeshaifanya kitu kimoja na bomba lake, akaipiga kwa nyundo huku akiitukana. Mimi niko bafuni nimeziba tundu kwa kiganja, nimelowa chapachapa, na mama mkwe amesimama mlangoni anacheka na kupiga makofi. Nilikuwa sijamwona akicheka siku nyingi. Nikashindwa kukasirika.

Baada ya hapo nyumba ikawa si nyumba. Alibomoa ukuta kutafuta bomba zima la kuungia. Akaenda duka la vifaa vya ujenzi akarudi na kiungio cha nusu inchi, kumbe bomba ni robo tatu. Akarudi na robo tatu ya chuma, kumbe bomba ni la plastiki. Muuzaji alimshauri alete kipande cha zamani wakipime, yeye akaona anafanywa mtoto. Akapaka gundi kwenye bomba lenye unyevu, ikashika mchana kutwa ikaachia jioni tukiwa mezani. Vumbi la saruji lilikuwa kwenye chai, kwenye shuka, kwenye meno. Nilimwambia huo ukuta ameshaunyoa kipara, basi aachie hapo. Hakucheka. Alinitazama kwa macho mekundu akasema kama nina la maana niseme, kama sina nimshikie tochi. Nikamshikia tochi.

Siku moja nilimkuta amekaa sakafuni katikati ya vifusi, magoti yamechubuka, anatazama juu ya mlango wa bafu la Mama. Akasema hatabadili bomba tena. Atapitisha bomba jipya koridoni, juu karibu na dari, aweke koki hapo. Maji ya bafu la Mama yatafunguliwa na kufungwa kutoka nje, na sisi. Mama arudishiwe bomba lake, azungushe anavyotaka. Nilikubali, tena haraka. Nilikuwa nimechoka kukamua matambara, mikono yangu imeota sugu, na sitajifanya kwamba nilimfikiria Mama. Nilifikiria sakafu.

Na koki ile ikakubali. Sijui ni bahati au ni Mungu alimwonea huruma, lakini viungio vilishika vyote. Alipitisha karatasi kavu kila kona, ikatoka kavu. Alinishika kiuno pale koridoni, mtu ambaye kwa muda mrefu nilikuwa naongea naye habari za gundi tu. Halafu, ili nisije nikasahau nikaiacha wazi, aling'oa mkono wa koki akautia mfukoni. Alfajiri atafungua kabla ya kwenda kazini, Mama ataoga nikiwa mlangoni, atafunga, ataondoka na mkono wa koki. Ilionekana akili.

Kulipokucha, Mama hakutaka kuoga. Alisema ataoga akitaka, yeye si mtoto wa shule. Mume wangu alingoja, akatazama saa, akambembeleza, wateja wakaanza kumpigia simu. Akafunga akaondoka. Muda si mrefu nikasikia bomba la bafuni linazungushwa, linazungushwa tena. Mama akatoka na taulo lake.

"Yamekatika?" akaniuliza.

"Yamekatika, Mama."

"Basi tungoje," akasema, kwa upole, kama vile anayehitaji kufarijiwa ni mimi.

Nikambebea ndoo. Akaitazama kwa heshima, akanishukuru, hakuigusa. Maisha yake yote alisimama chini ya maji yanayotiririka, na mikono yake ilikuwa imehifadhi kazi hiyo moja tu: fungua, simama, jisugue. Ndoo haikuwamo humo. Kesho yake ikawa vilevile, na keshokutwa. Saa ya maji haikuwa saa yake, na saa yake haikuwa na maji. Na mimi, Mungu anisamehe, nilipita koridoni kwa miguu mikavu nikasema afadhali.

Kisha jirani akamleta Mama. Alikuwa amemkuta mlangoni kwake na taulo, sabuni mkononi, anaomba kwa adabu zote aruhusiwe kuoga kidogo kwa kuwa kwao maji hamna. Jirani alinitazama, akalitazama bomba la jikoni lililokuwa linatiririka juu ya vyombo vyangu, akaaga. Nilitamani ardhi ipasuke. Na hapo, nikimshika mkono kumwingiza ndani, ndipo nilipoinusa harufu yake. Mwanamke yule. Harufu ya jasho la siku nyingi na mkojo kidogo, na juu yake manukato aliyojipaka kuificha. Alijua. Kila kitu alisahau, hilo alijua.

Jioni nilimwambia mume wangu autoe ule mkono wa koki mfukoni.

"Nikiuacha atafurikisha maji," akasema. "Dada akisikia, anakuja."

"Mama ananuka."

"Usiseme hivyo."

"Nasema. Ameenda kuomba maji kwa watu, na maji yako humu. Umeyafunga wewe, na mimi nikamwambia yamekatika."

Simu ikaita, ilikuwa wifi. Nikamsikia akisema Mama hajambo, anaoga mwenyewe. Alipokata simu hakunitazama, akaenda kuangalia kama milango imefungwa. Tangu siku hiyo mlango wa mbele ukawa na komeo.

Baada ya komeo, Mama alitulia. Hakuniuliza tena kama maji yamerudi. Taulo lilibaki kwenye msumari wake, sabuni ikakauka ikapasuka. Alfajiri nilikuwa naamka kabla yake nasikiliza, nikisubiri sauti ya bomba kuzungushwa bure, ile sauti iliyokuwa ikinichoma kila asubuhi, na haikuja. Mume wangu akasema unaona, amezoea. Ndipo nilipoingiwa na hofu ya kweli.

Mchana mmoja nilichukua spana, nikapanda juu ya kigoda, nikaibana ile koki penye kichwa chake kisicho na mkono nikazungusha. Ilinikatalia, ikaniteleza, ikanichuna vidole, nikairudia. Nilisikia maji yanaanza kukimbia ndani ya bomba. Nikaingia bafuni, nikafungua mpaka mwisho, nikalitupa lile dodoki mbali na tundu. Hata yakifurika, nikasema moyoni, yafike mpaka kwa jirani. Nikaenda kumchukua Mama nikamwambia maji yamerudi, na sauti yangu ilikuwa na furaha ya kijinga, kama mtoto aliyeleta zawadi.

Alikuja. Akasimama kwenye kizingiti, akayatazama maji yanavyoanguka.

"Ya nani hayo?" akauliza.

"Yako, Mama. Bafu lako hili."

Alitikisa kichwa taratibu. "Funga, mwanangu. Wenyewe wakija watasema nini?"

Nilimsogeza, nikauchukua mkono wake nikaupeleka chini ya maji. Aliuvuta akaukausha kwenye gauni, akaomba radhi, sijui alimwomba nani. Nikamwekea sabuni kiganjani. Akaishika vizuri, kwa vidole vyote, kama kitu cha mtu alichopewa akitunze kidogo. Niliingoja ile mikono ikumbuke. Nilisimama pale nikaingoja, maji yananipiga begani. Hapana. Kumbukumbu ile ilikuwa imeenda, na niliiona ilivyoenda, maana tulikuwa tumeifukuza sisi.

"Nikuogeshe, Mama?" nikamuuliza.

Nilidhani atanifukuza. Mwanamke aliyekuwa akinikagua vumbi dirishani, ambaye sikuwahi hata kumwona kichwa wazi alipokuwa na akili zake. Aliniangalia tu, bila aibu, bila hasira, akainua mikono yake miwili juu ili nimvue gauni. Nikamvua. Nikaanza na mgongo, ambako hakuweza kuniona ninavyolia.

Mume wangu alirudi mapema siku hiyo. Nilisikia komeo, nikasikia viatu vyake vinasimama koridoni, chini ya koki yake. Hakuingia, mlango wa bafu ulikuwa umerudishwa nusu.

"Mama anaoga?" akauliza, na matumaini yalikuwa wazi katika sauti yake.

Nilimmwagia Mama maji mabegani kwa kiganja kabla ya kumjibu.

"Namwogesha," nikasema.

Maji yaliendelea kumwagika, na Mama akanigeuzia upande wa pili.