Tepu Iliyoanzia Tatu

Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa fundi cherehani, na sijapata kuona suti nzuri ikivaliwa juu ya roho mbovu kama ile. Hila yake ilikuwa moja: tepu yake ya kupimia aliikata inchi tatu za mwanzo. Mteja mwenye kiuno cha thelathini na tano alisomewa thelathini na nane, akatumwa kununua kitambaa zaidi, na mabaki yakaingia guniani kwa fundi.

"Shemeji mwalimu," aliniambia, "wewe wafundishe kuhesabu, mimi nitawavuna."

Dada ndiye aliyeona kwanza. Asubuhi moja suruali ya mumewe ilimporomoka. Akaitazama tepu: ilianzia tano, na hakuna aliyeikata.

"Baba watoto, itupe hiyo. Inakula."

"Inakula nini? Sema umeivuta suruali kwa kuifua." Akajipima mbele yetu kwa madaha ya jogoo. "Arobaini. Ndiyo ya jana, ndiyo ya juzi."

Ilikuwa arobaini kweli. Mtoto wa darasa la tatu angeuliza: arobaini kuanzia wapi? Yeye hakuuliza. Anayeiba kwa hesabu huwa haijui hesabu yenyewe.

Wiki ya pili tepu ilianzia kumi na mbili. Pete ilimtoka kidoleni, na miguu haikufika tena kwenye kanyagio la cherehani. Nilimpelekea rula yangu ya mbao ya darasani.

"Jipime kwa hii," nikamwambia, "kisha warudishie watu vitambaa vyao. Huenda ikakoma."

Alicheka, sauti nyembamba kama ya kitoto kichanga. "Nikiishika hiyo, mtaa mzima utaniita mwizi. Afadhali hivihivi."

Basi akachagua kupungua kuliko kuaibika, na akaendelea kujisomea arobaini yake kila asubuhi.

Jumatatu, saa sita mchana, dada aliniita dukani. Kitini palikuwa na koti lililokaa wima, vifungo vyote vimefungwa, na ndani yake hakuna mtu. Tepu ilikuwa imejikunja juu ya suruali. Niliinyoosha kwa ncha ya rula. Namba yake ya kwanza ilikuwa arobaini.

Dada hakulia. Alilivuta gunia la mabaki, akalimwaga mezani, akanyoosha mkono.

"Nipe hiyo rula, kaka. Kila kipande kina mwenyewe."