Kadi Kumi na Tisa

Kila asubuhi, kabla mlango wa zahanati haujafunguliwa, nilikuwa nachukua kadi mpya na kuandika "hakuna" kwenye mstari wa dawa zinazomdhuru mgonjwa. Karibu wote hujibu hivyo, nikaona naokoa muda. Siku hiyo nilikuwa nimefika kadi ya kumi na tisa niliposikia sauti ya muuguzi mkuu, tunayemwita Kamanda.

"Wewe binti, foleni imefika barabarani!"

Wa kwanza alikuwa mama mmoja, fundi cherehani, kidole kimevimba usaha.

"Sindano yangu mwenyewe imenigeuka," alisema akicheka, "na wewe unataka kuniongezea nyingine."

Nilicheka naye, nikamdunga penisilini. Kumwuliza, sikumwuliza.

Hakufika mlangoni. Alianza kujikuna viganja, midomo ikamvimba, pumzi ikawa inapiga mluzi. Nilimlaza sakafuni, nikamchoma adrenalini pajani, nikamwinua miguu huku nikiita. Kamanda alikuja na oksijeni. Dakika zilipita, mluzi ukafifia, mama akafumbua macho.

"Mnamwona huyu?" Kamanda aliwaambia waliokuwa kwenye foleni. "Mpole kama maji ya mtungini, lakini mikono yake haitetemeki."

Nikaificha mikono mfukoni.

Binti wa yule mama aliingia mbio, tepu ya kupimia bado shingoni, akaiona chupa ya penisilini mezani. "Mama! Si ulikatazwa dawa hii tangu uliponizaa? Mbona hukusema?"

"Uzee huu, mwanangu. Labda niliulizwa nikasahau." Akanigeukia, midomo bado mizito. "Nisamehe, mama. Nimekutia hofu bure."

Kamanda akaichukua kadi, akaisoma. "Hapa pameandikwa hakuna. Mama, siku nyingine ukiulizwa, sema."

"Nitasema," alijibu kwa unyonge, kama mtoto aliyekosea darasani.

"Pole, mama," nilisema. Pole huweza kusemwa na yeyote, hata mpita njia. Alinishika mkono akanishukuru, na binti yake naye akashukuru. Kamanda alikuwa anarudisha kadi kwenye jalada, neno langu likiwa bado pale, likimsubiri muuguzi mwingine na sindano nyingine.

"Hakusahau," nilisema.

"Nini?" Kamanda aliuliza.

Foleni nzima ilikuwa inatazama.

"Hakusahau, kwa sababu sikumwuliza. Niliandika kabla hajaingia. Nisamehe, mama. Na mezani kuna kadi nyingine kumi na nane."