Very Agoma Kubeba

Usiku wa jana niliota, na kosa si langu, ni la kitabu cha Kiingereza nilichokifanya mto. Narudia mtihani wa kidato cha nne, somo hilo moja tu, na ukurasa nilioulalia ulikuwa wa yale maneno ya kukazia: very, so, really, extremely, na ukoo wao mzima.

Niko stendi ya Masasi. Mabasi hayapo. Wapo wachukuzi tu, wamevaa makoti yao, na kila koti lina jina mgongoni badala ya namba. Sishangai. Ndotoni mimi huwa mtu mwenye adabu sana.

"Dogo, una mzigo gani?" ananiuliza mzee mwembamba, magoti yamemvimba. Mgongoni kaandikwa VERY.

"Salamu. Inakwenda Tukuyu, kwa dada yangu Tusekile."

Very anakaa chini pale pale, kama ng'ombe aliyekataa jembe.

"Sibebi."

"Kwa nini, mzee wangu?"

"Si wewe yule wa Jumapili? Dada yako anapiga simu, anakutaka ujibu kwa Kiingereza ili uzoee mtihani, na wewe kila wiki unanitwisha fine. Very fine. Jumapili hii ukaona haitoshi, ukasema very very fine. Nilijibeba mwenyewe, dogo. Umewahi kujibeba mwenyewe?"

Nikakiri kwamba sijawahi. Nikamweleza kuwa kwetu salamu ina utaratibu: kwanza unasema nzuri, hata kama nyumba inaungua. Halafu ndipo unasema "ila", unataja moto.

"Sasa ila yako iko wapi?"

Mimi nikifika kwenye ila huwa namtania dada, tunacheka, nakata simu. Na Jumapili hii, aliposikia nilivyo mzima mara mbili, alisema: "Basi kama uko hivyo, safari ya kuja huko naiahirisha hadi Desemba." Nikamwambia hakuna shida. Huu ni mwezi wa tano.

Very anafungua gunia la ile fine ili nione nilichokuwa nikimbebesha. Nachungulia. Mle ndani mna duka la fotokopi la mjomba, lile ninalolishika tangu yeye ahamie Lindi, na mimi nimekaa humo nyuma ya meza.

Sijui niliingiaje. Sasa niko ndani.

Wiki tatu sijaongea na mtu ana kwa ana zaidi ya "nakala ngapi?" na "pande zote mbili?" Kwa hiyo naishukuru mashine inapoanza kutoa nakala zangu mimi mwenyewe, hadi miguu. Zinashuka moja moja, zinajipanga ukutani.

"Habari zenu?" naziuliza.

"Nzuri sana," zinajibu zote, bila ila.

Ilipofika ya arobaini, wino ulikuwa umeisha. Ilijibu "nzuri" tu, kwa sauti ya kufifia. Nilitamani kukaa na hiyo, lakini mashine ikaniambia kwa upole, "Kaka, hiyo imeharibika," ikaimeza.

Mlango unafunguka. Nje si Masasi tena, ni uani kwa dada, Tukuyu, mvua ya manyunyu, migomba. Tusekile amesimama kwenye baraza, amejifunga kanga, anaangalia huku na huku.

"Dada!" naita. "Niko hapa!"

Kabla sijapiga hatua, Really anakuja kusimama mbele yangu. Mbele ya Really anasimama So. Mbele ya So anasimama Extremely, amevaa suti, ana mabega kama kabati.

"Samahani, jamani, napita."

"Hupiti," anasema Extremely. "Soma kitabu chako. Neno la kukazia hukaa mbele ya neno linalokaziwa. Sisi tuko kazini."

"Mdogo wangu, uko wapi?" anaita dada. "Nakusikia, sikuoni! Au ndiyo utani wako?"

Naruka juu, naona ncha ya kilemba chake tu. Anageuka. Anaelekea mlangoni. Mlango wenyewe una maandishi: HADI DESEMBA.

"Very," namwambia mzee, naye alikuwa amefika akichechemea, "waondoe hawa."

"Nikiwaondoa utaonekana."

"Najua."

"Ulivyo. Bila mtu mbele."

"Mzee wangu, nimeshakuambia najua."

Akapiga mluzi. Wakapisha mmoja mmoja, Extremely akinuna. Nikabaki nimesimama kwenye manyunyu, nina neno moja mdomoni.

"Niko mpweke, dada."

Lilitoka dogo, kadiri ya kifaranga. Likasimama kwenye tope, likajikung'uta.

"Mbebe huyu," namsihi Very. "Atachelewa. Ona miguu yake!"

Very anavua kofia, analiinamia.

"Hilo hatubebi," anasema. "Si kwa kugoma. Hilo huwa linakwenda lenyewe."

Na kweli likaanza kutembea, polepole, kuelekea barazani. Mlango ulikuwa unafungwa. Sikuona kama liliwahi.

Nikaamka. Jua limeshapanda, kitabu kimeniachia mstari shavuni, na chumba kimya kama kawaida yake. Nikavuta simu. Kuna ujumbe wa Tusekile wa alfajiri:

"Limefika, mdogo wangu. Peke yake, na mvua yote hii. Kwa nini hukusema siku zote? Natoka huku Alhamisi. Na ufue mashuka, nakujua."

Nikafungua jumbe nilizotuma. Nikatafuta juu, nikatafuta chini.

Sikuwa nimemtumia kitu.