Beringi Aliyoileta Shemeji

Tangu Hashimu afariki, mkewe Rukia alimtazama shemeji yake, Twaha, kwa jicho la pembeni. Twaha alikuwa ametamka mbele ya ukoo kwamba pikapu ya marehemu haifai kuachwa mikononi mwa mjane.  Rukia aliendelea kupakia kabeji kule Mtae na kuzishusha Mombo, kona kwa kona.

Kwa hiyo gurudumu la mbele lilipoanza kunguruma, na Twaha akajitolea kumletea beringi mpya kutoka Tanga, moyo wa Rukia haukutulia.

Aliipeleka beringi hiyo kwa fundi Alphonce, Lushoto mjini. Kwa mbali boksi lilipendeza. Kwa karibu, rangi ilikuwa imevujia maandishi na jina la kampuni limerukwa herufi. Rukia aliizungusha beringi mkononi. Ilikwaruza kama iliyotiwa mchanga. Alphonce akalowesha kitambaa kwa mafuta ya taa, akasugua namba zilizokuwa kwenye chuma. Zikafutika.

"Hii ni feki, mama," akasema. "Ikishika moto mteremkoni inasambaratika, na gurudumu linachomoka."

Rukia akauliza kama aliyeinunua angeweza kutojua. Alphonce alisema wengi hawajui, ila hawezi kumwapia mtu asiyekuwepo. Akairudishia ile ya zamani, gari likatambaa mpaka nyumbani.

Jioni Rukia, akitaka kumpima, alimwambia Twaha kwamba beringi aliyoileta imeshafungwa, na kwamba kesho akishuka Korogwe atampakia mama mkwe, akapimwe macho huko. Alimkazia macho usoni. Twaha akashukuru tu.

Asubuhi Twaha alimleta mama yake mwenyewe. Rukia akamwamkia mama mkwe, akaitikiwa marahaba. Twaha alimkalisha mama kiti cha mbele, akamfunika miguu kwa kitenge, kisha yeye akapanda nyuma juu ya magunia. Rukia alishika ufunguo, asiuzungushe. Mwenye hila asingempandisha mama yake.

"Shukeni," akasema. Akaitoa beringi mfukoni, akaeleza yote.

Twaha aliizungusha, akaisikia ikikwaruza. Alisema aliapiwa dukani kwamba ni orijino. Kisha akamrudishia Rukia.

"Na wewe, shemeji, ukadhani nilijua."

Rukia akaitikia kwa kichwa. Mama mkwe, aliyesikia kila neno, aliomba asaidiwe kushuka, akarudi ndani bila kumtazama yeyote.

Siku hiyohiyo wawili hao walipanda basi la Tanga. Mwenye duka alikana kuwa aliwahi kumwona Twaha. Wakaenda duka jingine, Rukia akizungusha beringi moja baada ya nyingine sikioni, Twaha akisugua namba kwa kitambaa. Beringi waliyoichagua, Alphonce aliikubali, akaifunga, na mngurumo ukaisha.

Habari ya pikapu Twaha hakuitaja tena mbele ya ukoo. Lakini nyumbani kwa Rukia hakutia mguu hata Ramadhani ilipoingia. Rukia alimtumia futari kupitia kwa mama mkwe, na bakuli likarudi tupu, limekombwa.